Sura ya Sita: Bahari ya Lita 400

Siku hizi watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga matumbawe majumbani wana kilio kimoja: tangi linawafilisi. Umeme umepanda, samaki wamepanda, matumbawe yamepanda, hata chumvi ya kukorogea maji imepanda. Wa kulaumiwa hawakosekani. Wapo wenye maduka, wapo wauzaji wa umeme, ipo vita ya Ukraine, upo ushuru wa Marekani ambao kwa majuma kadhaa ya mwaka 2025 ulipita asilimia 100 kwa bidhaa za China, nchi inakotengenezwa sehemu kubwa ya taa na pampu za matangi haya. Kila mmoja ana fungu lake la lawama, na sura hii haina nia ya kumtetea yeyote. Ila lawama zote hizo zinaichukulia bei ya zamani kuwa ndiyo halali, na ya sasa kuwa ndiyo iliyopotoka. Mimi naona kinyume chake. Kwa miongo kadhaa tangi la matumbawe lilikuwa rahisi kuliko lilivyostahili, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama zake ililipwa na watu wengine, na sehemu nyingine ililipwa na bahari yenyewe, ambayo haina desturi ya kudai. Kinachoitwa kupanda kwa bei ni, kwa kiasi kikubwa, madeni hayo yanayomrudia mwenye tangi.

Tuanze na kazi ambayo tangi linatakiwa kuifanya. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo laini waliojijengea mifupa ya chokaa, na ndani ya nyama yao mnaishi mwani mdogo mno unaowalisha kwa nguvu za jua. Mahitaji yake ni mengi na yote yanatakiwa kwa pamoja: mwanga mkali, maji yasiyotulia, joto la nyuzi 25 au 26 hivi usiku na mchana, chumvi gramu 35 katika kila lita, na maji yasiyo na mbolea nyingi, maana naitreti na fosfeti zikizidi, mwani wa kila aina huota na kufunika mwamba mzima. Kwenye mwamba wa Mafia au Malindi hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye bei. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta, alieleza katika jarida la Kimarekani la Tropical Fish Hobbyist jinsi alivyofuga matumbawe kwa mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe vyake, maji ya bahari, viputo vya hewa na mwanga wa jua. Basi. Wasomaji wa nchi za baridi walishangaa, wengine wakajaribu wakashindwa, na sababu haikuwa siri: Lee alikuwa na bahari jirani, jua la karibu na ikweta na nyumba isiyojua baridi. Lipeleke tangi hilohilo Manchester mwezi wa Januari, na kila alichokipata Lee bila jasho utakinunua, kisha utakinunua tena mwezi unaofuata.

Waswahili husema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa kuwa bahari ya kifuu haina uvumilivu wa bahari. Samaki mmoja akifa mwambani, kaa na konokono humalizana naye na maji hayajui kama pamekuwa na msiba. Akifia katika lita 400 bila kuonekana, maji yanaweza kuharibika ndani ya siku mbili. Ndiyo maana kuna mashine ya povu: mrija uliosimama, maji yakipandishwa ndani yake pamoja na viputo vidogo mfano wa vumbi, uchafu ukigandamana na viputo hivyo, ukipanda hadi kwenye kikombe cha juu na kukaa humo kama chai nzito yenye harufu mbaya. Kuna chujio la utando la kusafisha maji ya bomba kabla hayajatiwa chumvi, ambalo kwa kila lita safi hutupa lita kadhaa. Kuna kubadilisha maji: asilimia 10 kila baada ya wiki mbili ni lita 40, nazo hula karibu kilo moja na nusu ya chumvi ya dukani. Na kuna chokaa. Maji ya bahari yana kalsiamu miligramu 420 hivi kwa lita, na tumbawe linalokua huinyonya mchana kutwa. Tangi lililojaa linaweza kupungukiwa ndani ya siku chache lisiporudishiwa. Peter Wilkens, aliyeandika kwa Kijerumani katika miaka ya 1970, alifundisha kudondoshea tangi maji ya chokaa, na ushauri wake ukaingia katika mtindo wa ufugaji uliokuja kuitwa wa Berlin. Kwa karne nyingi watu wa pwani yetu walichoma matumbawe kwenye tanuri ili wapate chokaa ya kujengea nyumba. Huko Berlin watu wakawa wananunua chokaa ili wapate matumbawe.

Umeme ndio unaotoa hesabu iliyo wazi kuliko zote, na Uingereza ya mwaka 2022 ni mahali pazuri pa kuipigia. Chukua tangi la wastani la lita 400. Taa za wati 250 zikiwaka saa 10 hula uniti 2.5 kwa siku. Pampu za mzunguko, za mawimbi na ya povu, jumla wati 100 bila kuzimwa, hula uniti 2.4. Kipasha joto, ukikadiria wati 100 kwa wastani wa mwaka, kinakula nyingine 2.4. Jumla ni uniti 7.3 kwa siku, au takriban 2,665 kwa mwaka. Wakati huo Ofgem, msimamizi wa soko la nishati la Uingereza, aliihesabu nyumba ya kawaida kuwa hutumia uniti 2,900 kwa mwaka. Sanduku moja la kioo sebuleni, basi, lilikuwa linatafuna karibu sawa na nyumba nzima yenye friji, jiko na televisheni. Mwishoni mwa 2021 uniti ilikuwa peni 21 hivi, na tangi hilo lingegharimu takriban pauni 560 kwa mwaka. Aprili 2022 ikawa peni 28. Oktoba ikawa peni 34, na hesabu ikafika pauni 906. Lakini hizo peni 34 hazikuwa bei ya soko: kikomo cha bei kilichokuwa kimetangazwa na Ofgem kilikuwa takriban peni 52, na serikali ikaingilia kati kulipa tofauti. Kwa uniti 2,665, tofauti hiyo ni pauni 480. Hata pale mwenye tangi alipokuwa analia kuliko siku zote, jirani yake asiye na samaki hata mmoja alikuwa anamchangia kupitia kodi.

Siwezi kudai kwamba bei yote ya zamani ya umeme ilikuwa zawadi. Hapa hoja yangu haina nguvu iliyonayo kwenye samaki, tutakaowafikia baada ya muda mfupi. Vita ni vita, na mtu aliyepanga matumizi yake kwa peni 21 hakufanya kosa lolote. Hata hivyo bei ile ilitegemea gesi ambayo moshi wake ulikuwa haulipiwi kwa ukamilifu, na moshi huo ndio unaopasha bahari na kupausha matumbawe ya kweli. Mtu anayechoma gesi Ulaya ili kuutunza mwamba wa lita 400 anachangia, kwa kiasi kidogo sana, kuuchemsha ule mkubwa. Kiasi chenyewe ni kidogo mno kumtia mtu hatiani, lakini ni gharama, na haikuwa imeandikwa kwenye risiti.

Wataalamu wa vifaa watanijibu kwamba teknolojia imekwisha kulitatua hili, na wana sehemu ya haki. Hadi miaka ya 2000 tangi kama letu lingeangazwa kwa taa mbili za metali-halaidi za wati 250 kila moja, na balbu zake zilibadilishwa karibu kila mwaka kwa kuwa rangi ya mwanga huhama kabla balbu haijaungua. Taa za LED zinafanya kazi ileile kwa nusu ya umeme, na hudumu miaka. Wanachosahau kusema ni kwamba taa za zamani zilikuwa pia jiko. Moto wake ulipasha maji, na wakati wa baridi kipasha joto kilipumzika. LED ilipokuja, nchi za baridi zikaokoa umeme kwenye taa na kurudisha sehemu yake kwenye kipasha joto. Pampu nazo zimekuwa na akili zaidi, lakini maji hayajawa mepesi. Kuyasukuma usiku kucha kunahitaji nguvu ileile ya kimaumbile. Teknolojia imepunguza upotevu, nayo yastahili shukrani. Kazi ya kuwa jua, wimbi na mkondo bado ipo palepale, na kazi haifanywi bure.

Kwenye samaki, mfano ulio bora ni kangaja wa manjano wa Hawaii, ambaye kwa miaka mingi alikuwamo karibu katika kila tangi la Marekani. Aliuzwa dukani kwa dola 50 hivi. Alikamatwa kwa wavu pwani ya magharibi ya kisiwa kikubwa cha Hawaii, akatiwa katika mfuko wenye maji kidogo na oksijeni, akapakiwa katika boksi la povu na kupandishwa ndege. Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaamua kwamba vibali vya kukamata samaki wa mapambo haviwezi kutolewa kabla athari kwa mazingira hazijachunguzwa kama sheria inavyotaka. Magharibi ya kisiwa ikafungwa, na Januari 2021 uamuzi mwingine wa mahakama ukasimamisha ukamataji wa kibiashara katika jimbo zima. Kangaja wa dola 50 akawa wa mamia ya dola. Yafaa kuwa waangalifu hapa, kwani kesi haikushinda kwa kuthibitisha kwamba samaki wamekwisha. Idara ya jimbo iliyosimamia uvuvi huo ilikuwa ikishikilia kwamba kangaja wako wa kutosha, na maeneo yaliyofungwa tangu kuelekea mwaka 2000 yaliwaongeza kwa dhahiri. Kilichoshindwa mahakamani ni desturi ya kutoa vibali bila uchunguzi. Uchunguzi una gharama: wapiga mbizi wa kuhesabu, wanasayansi wa kuandika, maofisa wa kusimamia, wanasheria wa kubishana. Dola 50 hazikuwa na hata senti moja ya hayo.

Jibu la kawaida ni kuwafuga samaki wenyewe badala ya kuwavua. Jibu hili linavutia, na ukilifuata hadi mwisho linaiimarisha hoja niliyo nayo. Yule samaki wa rangi ya chungwa aliyepata umaarufu kwa filamu ya Finding Nemo amekuwa akizalishwa kibiashara tangu miaka ya 1970. Wazazi hutaga juu ya jiwe na kuyalinda mayai. Vitoto hutoka na mdomo mkubwa wa kutosha kula vijidudu vinavyooteshwa kwenye ndoo, na wiki mbili hazipiti sana kabla hawajawa samaki wenye mistari. Kangaja wa manjano ni habari nyingine kabisa. Hutaga katika maji ya wazi. Yai halifikii milimita moja na huchukuliwa na mkondo. Kitoto kinachotoka hula tu watoto wa kopepodi, viumbe wadogo mno wa majini, na huelea kwa karibu miezi miwili kabla ya kutua mwambani. Oceanic Institute ya Chuo Kikuu cha Hawaii Pacific ilihangaika miaka mingi hadi 2015 ndipo ikafanikiwa kuwafikisha ukubwani. Leo kangaja wa kuzalishwa wanauzwa, nao si rahisi. Bei yao ni ya kweli: inajumuisha chakula cha kitoto, chakula cha chakula chake, mishahara, na maelfu wanaokufa njiani. Baharini pia maelfu hufa njiani, ila hakuna anayelipwa mshahara wa kuwaangalia.

Bei ya matumbawe ina mchanganyiko wa sababu, na moja yake hainisaidii. Fiji ilifunga usafirishaji wa matumbawe na mawe hai mwishoni mwa 2017. Indonesia, muuzaji mkubwa kuliko wote, ilisimamisha wa kwake mwaka 2018 na kuurudisha kwa yale ya kuoteshwa karibu na mwanzo wa 2020, mara tu kabla ya janga la korona kuzizuia ndege za abiria ambazo mabuti yake ndiyo yaliyobeba maboksi haya. Juu ya hayo kuna vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, vinavyohitajika kwa matumbawe yote magumu yanayovuka mipaka. Hizo ni gharama za kweli. Lakini tumbawe, tofauti na kangaja, hugawanyika: unalikata kwa msumeno mwembamba, unakibandika kipande kwenye kigingi cha simiti kwa gundi ya supa-gluu, na baada ya miezi una mawili. Kwa mantiki hiyo bei ingeporomoka, na ya aina za kawaida mara nyingi imeporomoka. Wafugaji hupeana vipande bure. Panapopaa ni kwenye majina. Kipande kisichofikia kidole gumba cha tumbawe linaloitwa na wafanyabiashara Walt Disney kimeuzwa kwa mamia ya dola, si kwa kuwa ni kigumu kukiotesha, bali kwa kuwa kila mtu anajua kwamba unacho. Hiyo si deni la mtu yeyote. Ni fahari, na mwenye kuilipia asiichanganye na kupanda kwa gharama za maisha.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote linatoka upande wa mkamataji. Ukisema bei ya zamani ilikuwa rahisi mno, mtu wa kisiwani aliyeishi kwa bei hiyo atakuuliza kama ukosefu wa kazi ndio haki uliyomletea. Ripoti ya mwaka 2003 ya UNEP-WCMC, kituo cha uhifadhi cha shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilitoa takwimu za kusitisha ulimi wa yeyote anayetaka biashara hii ifutwe: mwaka 2000, kilo moja ya samaki wa mapambo kutoka Maldivi ilithaminiwa karibu dola 500, ilhali kilo ya samaki wa mwambani wa kuliwa ilikuwa dola 6, tani ya matumbawe hai ilikuwa na thamani ya dola 7,000, na tani iliyochomwa kuwa chokaa ilikuwa dola 60. Mwamba unaotoa wachache walio hai kwa bei nzuri una watetezi. Nakubali hayo yote. Ila dola 500 ni bei ya soko, si mfuko wa mpiga mbizi. Kati yake na duka la London kuna mnunuzi wa pwani, msafirishaji, ndege, mwagizaji na muuza jumla. Na pale bei ya ufukweni ilipobanwa sana, kama Ufilipino tangu miaka ya 1960, watu walifuata njia ya mkato: kupuliza sumu ya sianidi kwenye nyufa ili samaki alewe, njia inayoua tumbawe na mara nyingi samaki pia, wiki kadhaa baadaye, mikononi mwa aliyemnunua. Hiyo ndiyo sura ya urahisi ule. Nchini Kenya, ambako vijana wa pwani ya kusini na ya kaskazini wamekamata samaki wa mapambo kwa miongo kadhaa, anayefanya kazi kwa subira na wavu wa mkono anashindana na bei iliyowekwa na asiyekuwa na subira. Kwa hiyo marufuku peke yake haiwezi kuwa jibu, maana inamnyang'anya mkamataji bila kumlipa; lakini bei kubwa dukani inatetewa tu pale sehemu yake inapofika ufukweni, na kwa sasa hakuna anayemwonyesha mnunuzi kama imefika.

Limebaki lile la matajiri: kwamba burudani hii sasa itakuwa yao peke yao. Kwa tangi lenye matumbawe magumu ya matawi na kangaja wawili, ndiyo, na sioni dhuluma kubwa hapo. Kufuga mwamba wa kitropiki katika mji wa theluji hakujawahi kuwa haki ya msingi. Wanaosema wapunguze ukubwa wa tangi wanakosea, kwa kuwa lita 60 huharibika upesi kuliko 400 na hazisamehi. Kinachopunguza gharama ni kupunguza matarajio. Matumbawe laini yanatosheka na taa ndogo, hayanyonyi kalsiamu kwa pupa, na samaki wawili wa kuzalishwa hawahitaji mashine kubwa ya povu. Tangi la namna hiyo halipati picha nyingi, lakini linapumua.

Wapo watakaosema ujuzi wa wafugaji hawa ni hazina, na kuwafukuza kwa bei ni kuitupa. Ni kweli kwamba vifaa na mbinu nyingi zilikomaa sebuleni. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Horniman Museum, London, waliiga mwezi na majira kwa taa na kompyuta hadi matumbawe yakataga kwa wakati uliopangwa, na mwaka 2019 Florida Aquarium, ikishirikiana nao, ikafanikisha kutaga kwa tumbawe la nguzo la Atlantiki katika maabara. Kwa Florida hilo halikuwa la mchezo. Ugonjwa unaoitwa wa kupotea kwa nyama ya matumbawe ulikuwa umeanza kuutafuna mwamba wake mwaka 2014, na matumbawe yaliyookolewa yakasambazwa katika akwaria za umma kote Marekani. Julai 2023 kipimo kimoja cha Manatee Bay, hukohuko Florida, kilisoma nyuzi joto 38.4, na wapiga mbizi wakawa wanabeba matumbawe ya vitalu kutoka baharini kuyapeleka kwenye matangi ya nchi kavu, Keys Marine Laboratory miongoni mwa mengine. Matangi hayo yana pampu zilezile na mashine za povu zilezile, na matumbawe yake yananyonya kalsiamu vilevile. Tofauti iliyopo ni kwamba badala ya kupasha joto maji, huko umeme unatumika kuyapoza, na risiti yake hailetwi sebuleni kwa mtu. Inalipwa na serikali, wafadhili na wakata tiketi, kwa ajili ya mwamba ambao hadi juzi hakuna aliyekuwa amewahi kuulipia.